Sadini wa kopo na ile harufu yao
Umesema sadini wa kopo unawapenda ila harufu inakushinda. Limau au siki ndiyo dawa: ile asidi huzituliza kemikali zinazonuka, ndiyo maana samaki na limau haviachani. Mwaga mafuta ya kopo kama ni makali, kamulia limau, ponda kwa uma pamoja na kitunguu kibichi kilichokatwa vyembamba, pilipili manga na kotimiri. Paka juu ya mkate uliochomwa ukakauka. Mkate laini hulowa, unabaki na uji mkononi.

Anchovi, wale samaki wadogo wembamba wa kopo au chupa, ni habari nyingine. Hao hukaa kwenye chumvi kwa miezi, kwa hiyo usiwale kama sadini. Tia wawili watatu kwenye mafuta ya moto mdogo na kitunguu saumu, koroga taratibu: watayeyuka kabisa, ibaki ladha tu. Changanya na tambi au mchuzi wa nyanya, na chumvi usiongeze kabla ya kuonja.

Wakibaki, wahamishie kwenye chombo chenye mfuniko uweke kwenye friji, uwamalize ndani ya siku mbili. Kopo nalo lisuuze kabla ya kulitupa, la sivyo jikoni kutanuka hadi kesho.