Hazitoki mbali hivyo
Kaka, umeuliza kama elektroni zenye nishati kubwa mno zinazoifikia Dunia kutoka angani zatoka galaksi nyingine. La. Elektroni ni nyepesi, na ikipita katikati ya nguvu za sumaku na mwanga wa angani hupoteza nishati upesi. Ni kama barafu ya wavuvi wetu hapa Malindi: ukiikuta mashuani bado bonge zima, ujue haikununuliwa Mombasa. Darubini za H.E.S.S. kule Namibia zimezipima hadi teraelektronivolti 40, kipimo cha nishati (matokeo ya 2024), basi chanzo kiko miaka ya nuru elfu chache tu kutoka hapa, humu humu katika galaksi yetu. Huenda ni pulsa, yaani nyota ya neutroni inayozunguka kwa kasi, au masalia ya nyota iliyolipuka. Mimi naegemea pulsa.