Sebule Isiyokaliwa na Mtu

SWALI: Shikamoo kaka. Nachora sebule kwa Blender, programu ya kompyuta ya kuchora vitu vya pande tatu. Ni ya mteja anayejenga Kigamboni. Sofa, zulia na mapazia nimepakua vya hali ya juu, sampuli (mara ambazo programu hupima mwanga wa kila nukta ya picha) nimezipandisha hadi 4096, lakini mteja kila akiiona picha anasema ni katuni. Nimekutumia picha pamoja na ramani ya nyumba. Nakosea wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sampuli zirudishe chini. Kazi yake ni kuondoa chengachenga, na picha yako haina chengachenga. Shida ni kwamba haijui ni saa ngapi wala ni nyumba ya nani.

Kwenye picha umeandika saa sita mchana, lakini jua limepenya dirishani likalala sakafuni mpaka ukuta wa pili. Dar es Salaam hakuna jua la namna hiyo. Hata mwezi wa Juni, jua la saa sita linasimama karibu nyuzi 60 juu ya upeo, tena upande wa kaskazini. Kwa upenu ulioko kwenye ramani yako, litaishia pale pale dirishani. Kinachoangaza sebule saa hizo ni anga, pamoja na mwanga unaodunda uani, kwenye mchanga au pevingi, na kupanda darini. Kwa hiyo weka uwanja nje ya dirisha, wenye rangi yake, hata kama kamera haiuoni. Picha nyingi za anga tunazopakua ili kuangazia michoro zimepigwa mbali na ikweta, ndiyo maana jua lake limelala. Ukitaka mwale mrefu, chora saa moja na nusu asubuhi, dirisha la mashariki.

Kuta umezipa weupe wa 1.0. Hakuna rangi ya dukani inayorudisha mwanga wote, weka 0.8, pembe za chumba zitapata kivuli. Kingo za meza ziondoe ukali kwa Bevel (zana ya kulainisha kingo) ya milimita 2. Kamera ishushe hadi mita 1.3, lenzi iwe milimita 24, na iangalie mbele sawasawa ili miimo ya milango isimame wima. Faili likiwa la zamani, angalia pia View Transform, mpangilio unaogeuza mwanga wa mchoro kuwa rangi za skrini: itoe kwenye Standard uiweke AgX, ambayo ndiyo chaguo la kawaida tangu Blender 4.0.

Sasa mwenye nyumba, na hapa ndipo picha nyingi nzuri hufia. Kwenye ramani madirisha yana nondo na wavu wa mbu. Kwenye picha umeyaacha matupu. Virudishe. Ukichora ile asubuhi, kivuli cha nondo juu ya zulia kitakufanyia kazi kuliko pambo lolote. Nyuma ya televisheni weka soketi ya matundu matatu na waya wake. Vigae vya sentimita 60 haviwezi kuishia vizima kwenye kuta zote nne. Vya pembeni vikate. Kisha mpigie mteja umwulize nani hukaa wapi. Akikwambia mama yake ndiye hukaa kiti cha dirishani, bonyeza mto wa kiti hicho, sogeza stuli, weka chupa ya chai na miwani. Vitu hivyo vina mwenyewe. Lile bakuli la ndimu na yale majarida uliyoyapanga mezani havina mwenyewe, na jicho la mteja linalitambua hilo hata asipoweza kulieleza. Pazia nalo limevutwa na mkono wa mtu: mkunjo mmoja uwe mnene, mwingine mwembamba. Swichi ichafue kidogo pale vidole vinapogusa, basi. Wengi wakishajifunza kuchafua huchafua kila kitu, na nyumba mpya ikaonekana gofu.

SWALI: Nimechora chumba cha nyumba ya kale ya Lamu, lakini kinafanana na ukumbi wa hoteli. Tatizo ni mapambo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Tatizo ni upana. Dari za nyumba zile hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, karibu mita 3 tu. Chako kina 5. Kibane, kirefushe, na ukuta wa matumbawe upe unene wa nusu mita ili zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ziwe na kina cha kushika kiza. Chokaa usiiache bapa, iwe na mawimbi ya milimita chache yatakayoonekana mwanga ukiipiga kwa ubavu. Kitanda na mikeka uliyochagua viache, viko sawa.