Solda Isiyo na Risasi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kiwanda chetu cha kuunganisha bodi za elektroniki kimeacha solda (metali inayoyeyushwa ili kuunganisha vipande vya elektroniki) yenye risasi, ile metali nzito yenye sumu. Je, tumetimiza wajibu wetu kwa mazingira?

JIBU: Mmeanza vyema, na mikono inayoshika waya wa solda kutwa nzima ndiyo ya kwanza kunufaika; Umoja wa Ulaya nao umeizuia risasi katika vifaa vingi tangu Julai 2006. Hata hivyo, solda ya bati, fedha na shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 217 hivi za Selsiasi, ilhali ile ya zamani iliyeyuka kwenye 183, hivyo tanuri lenu sasa linakula umeme zaidi. Kwa vifaa visivyopata joto wala mishtuko mikali, ningewasihi mjaribu aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya bati na bismuthi, inayoyeyuka kwenye 138. Maji ya kuoshea bodi pia yasimwagwe ovyo, bali yachujwe na kutumiwa tena.