Je, damu ya kuua hurithiwa?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Babu yangu mzaa baba alimuua jirani kwa kisu katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Baba alifia gerezani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kaka yangu naye amefungwa kwa kuua. Mimi nimeepukana na hayo, lakini juzi mwanangu wa miaka sita alimpasua mwenzake kichwa kwa jiwe, na mama mkwe akasema mbele yake: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Yuko anayejiita tabibu anasema ukoo wetu una damu ya kuua, na yeye anaweza kuikata kwa malipo. Anatusomea hadithi kwamba asili huvuta. Je, ni kweli? Niache kuzaa?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, swali lako limenikosesha usingizi, hasa lile neno alilosikia mtoto kwa masikio yake. Usiache kuzaa, wala usimpe mtu huyo hata senti moja. Kumlipa ni haramu, kwa kuwa anauza dawa ya ugonjwa ambao sharia haiutambui.

Anayokusomea ni maneno "chagueni pa kuweka mbegu zenu, kwani asili huvuta." Hicho kipande cha mwisho wanazuoni wa hadithi wamekidhoofisha, akiwemo al-Iraqi. Iliyo sahihi, katika Bukhari na Muslim, ni habari ya bedui aliyekuja kulalamika kwamba mkewe amejifungua mtoto mweusi. Mtume (s.a.w.) akamuuliza rangi ya ngamia wake, akasema ni wekundu. Je, hamna wa kijivu? Akasema wamo. Wametoka wapi? Akajibu: huenda ni asili imewavuta. Mtume akamwambia: na huyu mwanao huenda ni asili imemvuta. Basi tazama: mazungumzo ni ya rangi ya ngozi, na yalisemwa ili mama na mtoto wasalimike na dhana mbaya. Huyu tabibu ameyageuza yawe chombo cha kumdhania vibaya mtoto wa miaka sita, kisha anatoza pesa!

Na kama uovu uko kwenye damu, atueleze habari ya muuaji wa kwanza. Huyo alikuwa mtoto wa Nabii Adam, na aliyeuawa ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Mmoja alisema, "Hakika nitakuua," na mwingine akasema hatamnyooshea mkono, kwa kumcha Allah. Damu ni ileile. Mtume (s.a.w.) akasema kila anayeuawa kwa dhulma, mwana huyo wa Adam ana fungu katika dhambi hiyo, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuianzisha desturi ya kuua. Ameshikwa kwa desturi aliyoiacha, na desturi hupita kwa kuona na kusikia.

Ndiyo maana yule mtu wa katika hadithi aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, alipotaka kutubu mwanachuoni hakumuuliza babu yake alikuwa nani. Alimwambia aondoke kwao, kwani ni ardhi ya uovu, aende kwa watu wanaomwabudu Allah aabudu pamoja nao. Angekuwa na damu ya kukatwa, angeambiwa.

Sikatai kwamba watu huzaliwa na tabia. Mtume (s.a.w.) alimwambia Ashajj, sahaba wa kabila la Abdul-Qays, kwamba ana sifa mbili anazozipenda Allah, upole na kutokuwa na pupa, na akamthibitishia kuwa ni Allah aliyemuumba nazo. Basi huenda ukoo wenu una hasira za haraka. Lakini kuwa na hasira si kuua, na hasira ina mafunzo yake: aliyesimama akae, na isipomwondoka alale. Mwanao akuone ukikaa. Umekasirika, sauti imeanza kupanda, ukavuta kiti ukanyamaza; siku hiyo amejifunza kitu ambacho pengine baba yako hakuwahi kuonyeshwa.

Sasa chunguza kinachosimuliwa nyumbani kwenu. Kile kisu cha babu kiko wapi? Kama kimetunzwa, na wajomba au ami wakikutana husimulia tukio lile kwa fahari, "mzee alikuwa dume," basi hapo ndipo kuua kunaporithishwa. Kitupeni. Usimtukane babu, maana tumekatazwa kuwatukana maiti, lakini mtoto akifikia umri wa kuelewa aambiwe wazi kwamba ile ilikuwa dhulma.

Kuhusu jiwe, mshike mkono mwende kwa mtoto aliyeumia. Aione bandeji, aombe radhi mwenyewe, na akuone ukilipa gharama za matibabu. Mama mkwe mweleze kwa heshima, faraghani, kwamba neno lile asilirudie. "Wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine". Ikiwa Allah hamtwishi mjukuu, sisi ni nani? Kaka yako mtembelee. Suratul Furqan imetaja kuua miongoni mwa makosa, kisha ikamfungulia mlango anayetubu, akaamini na akatenda mema.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Umesema babu aliua kwa ajili ya mpaka. Mpaka huo ulihamishwa? Shamba hilo nani analilima leo? Dhambi ya babu haikufikii, lakini ardhi ya watu ikiwa mikononi mwenu ni haki yao, hata wakipita vizazi. Anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Waulize wazee wanaojua mpaka wa zamani, kisha nenda kwa warithi wa marehemu pamoja na mtu mnayemheshimu pande zote mbili. Ikidhihiri ni yao, warudishieni. Na kama diya, yaani fidia ya damu kwa warithi wa aliyeuawa, haikuwahi kuzungumzwa, izungumzeni hapohapo, kwani ni deni katika mali aliyoiacha babu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.