Ubao wa Kukata, na Msumeno Uko Wapi?

SWALI: Ninaandaa orodha ya vyombo vya jikoni ambavyo watoto wa darasa la awali watajifunzia na kuchezea. Nimeandika: "vijiko vya kuhesabu, vikombe vya kupimia maji, vifuniko vya kuchezea, ubao wa kukata". Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba iwe "vijiko vya kuhesabia". Ni nani aliye sahihi?

JIBU: Mwalimu, kuhusu vijiko nyote wawili mnaweza kuwa sahihi, na nitavirudia. Kwanza, hata hivyo, niruhusu nishughulike na huo "ubao wa kukata", ulioupachika mwishoni mwa orodha kana kwamba hauna hatia yoyote.

Nguo za kufua ni nguo zitakazofuliwa, na barua za kujibu ni barua zinazongoja majibu. Kwa hiyo ubao wa kukata ni ubao unaongoja kukatwa, na seremala atakayeisoma orodha yako atakuwa na haki kamili ya kufika darasani na msumeno. Ubao ambao juu yake tunakatia vitunguu ni ubao wa kukatia. Kazi ya kauli ya kutendea hapa ni kuonyesha kwamba kitu kinachotajwa ndicho chombo au mahali pa kitendo, wala si chenye kutendwa: kisu cha kukatia, sufuria ya kupikia, mwiko wa kukorogea, upawa wa kupakulia (na hiyo "l" isimezwe, maana nimekwisha kuona "kupakuia" katika maandishi ya watu waliosoma). Kinachonishangaza ni kwamba wewe mwenyewe umeandika "vya kupimia" bila kusita, kisha ulipoufikia ubao ukaishiwa na pumzi.

Wapo wanaodai kwamba "sufuria ya kupikia" inatatanisha kwa sababu kumpikia mtu ni kupika kwa ajili yake. Sijapata kukutana na mtu aliyedhani kwamba sufuria ndiyo itakayoandaliwa chakula. Wengine husema kauli hii ni pambo la wazee, ilhali kila siku wanataja mkono wa kulia, yaani ule wa kulia chakula, na chai yao huichuja kwa chujio, jina lililotokana na kuchujia. "Chumba cha kulala" nimekisamehe, kwa kuwa kimekwisha kuzoeleka mno na mimi nimechoka kusimama mlangoni mwake. Ubao wa kukata sitausamehe.

Sasa vijiko. Mtoto akipewa rundo la vijiko aseme viko vingapi, hivyo ni vijiko vya kuhesabu, kwa sababu vyenyewe ndivyo vinavyohesabiwa. Akivitumia kujifunza kwamba tatu na mbili ni tano, vimekuwa vijiko vya kuhesabia, na mwenzako ameshinda. Amua kwanza somo lenyewe, kisha uandike. Vifuniko usiviguse, umeviandika vyema: "vifuniko vya kucheza" vingekuwa vile vinavyojirukia vyenyewe sufuria inapochemka.