Jibu: Herufi zinabanduka ninapochonga jina kwenye mbuzi ya nazi

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: unamtengenezea bibi yako mbuzi ya kukunia nazi, umechora jina lake kwenye ubao wa kukalia, lakini ukichonga, vipande vya katikati ya A na O vinabanduka.

Anza na patasi. Ijaribu kwenye karatasi. Ikichana badala ya kukata, inoe kabla ya kugusa mbao tena. Halafu angalia nyuzi za mbao zinaelekea wapi. Panapobanduka ni pale patasi inapokata kukingama na nyuzi. Mimi hutangulia na kisu chenye makali: napita juu ya mstari wote wa herufi, kina cha milimita 2 hivi, ndipo natoa mbao kwa patasi nyembamba nikielekea kwenye mkato ule. Mkato ndio unaozuia ufa usipite. Herufi nazo ziwe kubwa, sentimita 3 kwenda juu, maana kitovu cha A ndogo hakina pa kushikilia. Kilichokwisha kubanduka kirudishe kwa gundi ya mbao, ukiache hadi kesho.

Ningekusihi pia jina ulisogeze mbele, karibu na ulimi. Bibi ataliona kila akikuna, na hatalikalia. Huko mbele usipake vanishi, nazi inapita hapo. Mafuta ya nazi yanatosha.

Mpingo sijauchonga. Kama mbao yako ni hiyo, muulize mchongaji.