Meno ya chini yakitangulia ya juu, usisubiri mtoto amalize kung'oka meno

Wazazi wenzangu, mtoto akifunga mdomo ukaona meno ya chini yamekaa mbele ya ya juu, utaambiwa na kila mtu subiri meno ya utoto yaishe, yatajipanga yenyewe. Mimi nakwambia mpeleke kwa daktari bingwa wa kupanga meno akiwa na miaka 7 hivi, hata kama ana mapengo kila upande, manake pale anaangalia mfupa, sio meno tu. Binti yangu walikuwa wanasema ana kidevu kirefu, kumbe kidevu hakina shida yoyote, taya la juu ndo lilikuwa dogo, jembamba na limebaki nyuma, ndo maana hata chini ya macho uso ulionekana kama umebonyea.

Umri unahusika sana. Kaakaa, yaani dari la mdomo kwenye taya la juu, ni vipande viwili vya mfupa vinavyokutana katikati, na kwa mtoto ule mshono bado haujakaza kwa hiyo unaweza kutanuliwa taratibu. Akishapita balehe unakaza, na mtu mzima mara nyingi inabidi upasuaji. Kuvuta taya lije mbele nako kunafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10.

Kwetu tulianza na kifaa cha kutanua, kile cha chuma kinachogandishwa kwenye magego ya juu, katikati kina skrubu, na mzazi ndo unaizungusha nyumbani kwa kiufunguo, kila ukizungusha mara moja ni kama robo milimita. Funga uzi kwenye huo ufunguo na uzi ushike mkononi ili usije ukadondokea kooni. Siku za mwanzo mate yanajaa, maneno hayatoki vizuri, chakula kinanasa juu, bomba la sindano bila sindano yenyewe ukijaza maji linasafisha vizuri sana. Alafu meno mawili ya mbele yataachana mpaka uogope, usiogope, hiyo ndo dalili mfupa umefunguka na pengo huwa linajifunga. Skrubu ikiacha kuzungushwa kifaa bado kinakaa miezi kadhaa mfupa ujijenge, msilazimishe kitolewe.

Kazi yenyewe hasa ni ile fremu ya usoni. Inaegemea paji la uso na kidevu, raba zinatoka kwenye kifaa cha mdomoni zinavuta taya la juu kuja mbele, na inatakiwa ivaliwe masaa 12 mpaka 16 kwa siku, kwa miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka. Hapa ndo familia nyingi zinakata tamaa. Ukisema atavaa akienda kulala tu masaa hayatoshi, kwa hiyo ivaliwe akishatoka shule, akiwa anafanya homuweki, anaangalia katuni, ndo analala nayo. Mpe karatasi aandike masaa yake mwenyewe, binti yangu alipoanza kuandika ugomvi ulipungua sana kwakweli. Kidevu kikiwa chekundu weka kitambaa laini, kikichubuka mpigie daktari arekebishe, usimwache mtoto avumilie. Na ndugu zake wakatazwe kabisa kumcheka, hili mimi sikulifanyia mzaha hata siku moja.

Kama analala mdomo wazi na anakoroma, aonwe pia na daktari wa masikio, pua na koo, nyama za nyuma ya pua zikiziba njia ya hewa nazo zinahitaji tiba yake.

Kitu kingine muulize daktari mapema kuhusu taya la chini, manake linaendelea kukua mpaka mwisho wa ujana, hasa kwa wavulana, na linaweza kulipita tena la juu hata kama matibabu yalienda vizuri. Kama kwenye ukoo kuna watu wenye taya kubwa la chini mwambie, wapo watoto ambao bado watahitaji upasuaji wakimaliza kukua. Sisi tunaendelea kurudi kliniki kupiga picha na kupima, na tutaendelea mpaka aache kurefuka.